Ndege wa Mzee Oyugi

Kwa kahawa ya Badru, pale Kaloleni, benchi ni moja na wanaojua kila kitu ni wawili. Kuna Refa, ambaye hajachezesha mechi hata ya watoto lakini kesi zote huamua yeye. Na kuna Ulaya, aliyewahi kwenda Ujerumani wiki mbili akarudi na koti, na mpaka leo hajalivua, na jua hili la Kisumu! Jioni hiyo Mzee Oyugi alikuja akakaa katikati yao, kamera shingoni. Alikuwa karani wa magereza mpaka alipostaafu. Mkewe alifariki mwaka juzi, watoto wako Nairobi na mbali zaidi, na tangu hapo kila alfajiri yuko Dunga, ukingoni mwa ziwa, akipiga ndege picha. Leo alikuja na ombi: kesho mmoja wao amsindikize. Ombi dogo tu, ila lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

— Jamaa zangu, akaanza Oyugi, hivi kesho asubuhi nyinyi mko na...

— Ngoja kwanza, Refa akamkatiza. Hii maneno ya kamera tuimalize leo. Mtu mzima anaamka gizani kwenda kupiga picha yangeyange. Yangeyange si wamejaa hapo kichinjioni, bure?

— Ni vile huelewi. Nikikaa pale kwa mafunjo, ndege akitulia, na mimi natulia. Nasikia Nyasaye, Mungu mwenyewe, ako karibu. Kanisani siku hizi ni spika tu, simsikii. Pale namsikia.

— Umesikia hiyo, Ulaya? Huyu anaanzisha dhehebu! Wahenga walisema, ndege mjanja hunaswa na tundu bovu. Hiyo kamera si mtumba? Basi!

— Basi nini? Badru akauliza, akimimina kahawa.

— Basi ndiyo hivyo!

Ulaya akaliweka sawa koti lake.

— Wacha dhehebu, omera, ndugu yangu. Mimi nimetembea, nimeona. Mzee akishika kamera kubwa namna hiyo, huyo ni jasusi. Anahesabu ndege, anatuma ripoti, halafu mwaka ujao mnasikia ziwa limekodishwa. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Sasa ripoti nimtumie nani? Oyugi akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Sikilizeni. Jana tai alishuka pale ziwani, karibu na mimi, akanyakua samaki, maji yakanirukia usoni. Nikageuka nikasema, "Umeona?" Hakuna mtu. Kila siku ni hivyo. Mdomo unafunguka wenyewe, na hakuna mtu.

Oyugi akaona hapa ndipo pa kuombea. Akavuta pumzi, lakini Refa akamwahi.

— Hebu lete hizo picha tuone.

Kamera ikawashwa, vichwa vikasongamana. Korongo. Mdiria. Tai. Korongo tena. Bundi.

— Tula! Bundi wa mikosi! Ulaya akaruka, kahawa ikamwagikia koti. Mzee, bundi anakaa zake huko, wewe unamleta mpaka kwa benchi yetu?

— Tulia. Sasa nimeelewa, akasema Refa, na sauti ikashuka kama ya msoma matangazo ya vifo. Huyu anatayarisha programu ya mazishi yake, kile kijitabu cha picha za marehemu. Si mnajua hapa kwetu picha nyingi ni za nini? Shida ni moja, mwenyewe hayumo! Siku hiyo ukurasa wa mbele tutaweka nini? Korongo?

— Na tisheti tuvae za korongo! Ulaya akadakia.

— Na mchungaji aseme, marehemu alipokuwa kifaranga...

Wakacheka mpaka Badru akaweka birika chini. Oyugi naye akacheka, maana kijiweni ukikataa kucheka unabaki peke yako hata hapo. Lakini ilimuuma. Kweli picha yake haikuwamo. Angepigwa na nani?

Muda wote huo Debra, mama aliyehamia ploti ya nyuma juzi tu, alikuwa amesimama na chupa yake ya chai akingoja kujaziwa kahawa. Aliyasikia yote.

— Samahani, wazee, akasema. Na kesho anaenda na nani?

Ulaya akaanza kufuta koti, akafuta hata pale palipokuwa pakavu. Badru akahangaika na kifuniko cha chupa. Refa akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza wahenga hawakuwa wamesema kitu.

Oyugi akawatazama marafiki zake. Ombi lake lilikuwa limeshaombwa, tena na mgeni, na jibu alikuwa ameliona. Akaharakisha kusema, ili wasione haya.

— Mimi huenda peke yangu, mama. Nimezoea.

Mzee wa watu, alikuwa anadanganya. Hakuwa amezoea hata kidogo.