Maisha ya Ursula Nibitanga, Fundi wa Vikapu Aliyeogopa Kuonekana

Watumishi wa Mungu, ndugu na majirani wa Mutaho, wageni mliotoka Muyinga, nanyi mliovuka mpaka kutoka Ngara, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Elias, mdogo wake marehemu, tumbo moja. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake na nimeyaandika mwenyewe. Mkisikia sauti yangu inatetemeka, msidhani ni kilio peke yake. Kwetu sisi, kutaja mbele ya umati jina la mtu, kilima anakotoka na baba yake ni jambo ambalo bado linatutia hofu.

Ursula Nibitanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1980 Buraza, mkoani Gitega. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Nazario na marehemu Imelda, wakulima wa maharage na mihogo. Mama alikuwa akisema kwamba binti yake huyo aliuliza "nani huyo?" kabla mbwa hajabweka. Tulimtania kwa hilo utotoni, na yeye alicheka pamoja nasi. Woga wa siku hizo ulikuwa wa kitoto tu, haukuwa umepata sababu.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Buraza. Oktoba 1993 alikuwa darasa la tano, mimi nikiwa na miaka saba. Vita vilizuka, shule ikafungwa, na juma hilo hilo baba yetu aliuawa na nyumba ikachomwa. Mama alitushika mikono tukatembea kwa wiki nyingi, tukijificha mchana kwenye migomba, hadi mpakani Kobero. Tukavuka kwenda Kabanga, kisha tukapokewa katika kambi upande wa Ngara. Huko Ursula alimaliza shule ya msingi, akajua Kiswahili cha Tanzania hasa, kile ambacho baadaye majirani wa Muyinga walimcheka nacho wakisema anaongea kama redio.

Shule yake ya pili ilikuwa miguuni pa mama. Mama alisuka vikapu vya nyasi na katani, vile vidogo vyenye mfuniko uliochongoka, tunavyoviita agaseke. Kitako na ubavu alimfundisha Ursula mapema. Mfuniko alijiwekea mwenyewe, kwa sababu ndio uliowavutia wanunuzi, na kambini mtu aliyekuwa na kitu cha kuuza alikilinda. Kila Ursula alipouliza, alijibiwa kwamba atafundishwa akikua. Mwaka 2001 malaria ilimchukua mama kwa siku chache, na ncha ya mfuniko akaenda nayo.

Alituachia kikapu kimoja kizima. Hatukuwa na picha yake wala kaburi tulilotarajia kulirudia, tulikuwa na kile kikapu tu. Ursula alikitazama siku kadhaa, kisha akachukua wembe akaanza kuufumua mfuniko, uzi kwa uzi, machozi yakimtoka, akiutazama kila uzi ulikopita. Nilimwomba aache. Aliogopa kuliko mimi, maana kama asingeelewa, angekuwa amepoteza ufundi wa mama na kazi ya mikono yake kwa pamoja. Lilipobaki rundo la nyasi mapajani, alianza kusuka. Mfuniko wa kwanza ulikaa upande. Wa nne ulisimama.

Tulirudi nyumbani Agosti 2004 kwa njia ile ile ya Kobero. Amani ilikuwa imetangazwa na tuliiamini kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu daraja la miti kwa mguu mmoja. Buraza tulikuta shamba la baba linalimwa na familia nyingine. Wazee waligawanya shamba nusu kwa nusu, sisi na wao, na hatukugombana. Lakini tangu hapo Ursula hakupenda kujitambulisha. Aliamini kwamba mtu akijua wewe ni nani, atajua pia una nini, na siku moja atakuja kukichukua.

Tarehe 6 Mei 2006 alifunga ndoa hapa Mutaho na Kastori, aliyekulia kambini kama sisi na aliyekuwa akibeba mizigo kwa baiskeli. Mungu aliwajalia Martha na Sebastiani. Mwaka 2011 walihamia kwenye kilima kimoja nje ya mji wa Muyinga, ili Kastori apate kazi za mpakani. Ursula alisuka nyumbani na kuuza mjini, katika duka la vitenge la mama Riziki, ambaye leo yuko nasi hapa.

Mwaka 2018 mauzo yalilala. Mama Riziki, mwenye ndugu wanaofanya biashara kwa simu, alimshauri asuke mbele ya kamera ya simu, atume mtandaoni na kuwaachia watu wajifunze bila malipo. Ursula alikataa katakata, akasema hawezi kuonyesha uso wake kwa watu asiowajua.

"We, mi sitaki uso yako," mama Riziki alimwambia. "Onyesha mikono tu. Watu wajifunze bure. Mwenye atashindwa, atanunua."

Ndivyo alivyoanza. Martha alishika simu, mlango ukafungwa, mikono ikasuka, na sauti ya Ursula ikaeleza polepole. Hakutaja jina wala mahali. Fundi mwenzake Theodosia alimlaumu kwamba anaimwaga riziki yao wote barabarani. Kwa kweli lawama hizo zilimkosesha usingizi, maana naye aliogopa jambo lile lile. Lakini alimjibu kwamba hataki mtoto wa mtu mwingine alazimike kufumua kikapu cha mama yake. Akafundisha kitako, akafundisha ubavu, na mwisho akafundisha ncha ya mfuniko.

Mama Riziki aliona mbali. Waliojaribu kusuka waligundua jasho lililomo, wakaacha kubishania bei. Maombi ya vikapu yalifika dukani kwake kutoka Ngara, Kigoma, Bukoba na hata Bujumbura. Wanawake kadhaa wa kilima walianza kusuka naye, na huyo Theodosia akawa wa kwanza kuomba nafasi. Marehemu alimtania kwa hilo hadi mwisho.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 2019 uvumi ulizuka kwamba yule mama aliyetoka Tanzania hujifungia ndani akinong'ona kwenye simu na watu wa ng'ambo. Mkuu wa kilima, mzee Anatoli, alimwita. Hapo hofu yote ya miaka ilimrudia. Alifunga mzigo: sufuria, nguo za watoto, hati za ndoa. Alitaka wavuke Kobero kabla ya kesho yake.

Kastori alikaa juu ya ule mzigo. "Mama Martha, tukikimbia leo tutakuwa tumekubali walichotusingizia," alimwambia. "Na safari hii hakuna anayetufukuza. Tutakuwa tumejifukuza wenyewe."

Ursula alikwenda. Uwanja wa mzee Anatoli ulijaa watu.

"Mama Martha," mzee alisema, "watu wanasema we uko unaongea na watu ya inje, mulango umefunga. Sasa fanya ile kazi yako hapa, sisi wote tuone."

Ursula aliketi chini akatoa nyasi. Sindano ilimchoma kidole, akaendelea. Alifundisha somo zima kwa sauti ile ile ya kunong'ona, maana hiyo ndiyo sauti aliyokuwa nayo. Alipoinua kichwa, wanawake walikuwa wamemsogelea kutazama mfuniko, na mke wa mzee Anatoli alikuwa akiuliza uzi unaofuata unapita wapi. Kuanzia siku hiyo alifundisha akiwa nje, mlango wazi. Lakini kwenye kamera uso wake hakuuonyesha, wala hakutaja jina.

Mwishoni mwa 2022 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari wa Gitega walisema ni moyo. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudia hali ile. Alikuwa mgonjwa mwenye hofu na hakuificha. Aliniuliza kila nilipomtembelea kama ninaona anakwenda, nami nilimjibu hapana, huku naona. Mapema Agosti 2024 alilazwa tena Gitega. Jioni moja alimwambia Martha ainue simu, aikamate juu kuliko siku zote. Martha alidhani amechanganyikiwa. Ursula akaitazama kamera moja kwa moja, uso wazi.

"Mimi ni Ursula Nibitanga," alisema, "mtoto wa Nazario na Imelda, wa Buraza. Ninaogopa sana. Mfuniko huu ni wa mama yangu. Tazameni."

Akausuka mpaka ncha, akipumzika kila baada ya mizunguko michache. Alifariki tarehe 11 Agosti, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Kastori. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Ameacha mume wake Kastori, watoto wake Martha na Sebastiani, mimi mdogo wake, mama Riziki aliyekuwa dada kwake, na mafundi wenzake wote. Ameacha pia wanafunzi wengi ambao hadi tangazo la msiba lilipowafikia jana hawakujua mwalimu wao anaitwa nani, na baadhi yao wamekuja leo kwa kuuliza njia.

Kuhusu somo lile la hospitali, tulibishana katika familia. Mimi nilitaka libaki ndani ya simu. Nilisema uso, jina, kilima na baba, vyote kwa mara moja, ni vingi mno kwa watu kama sisi. Martha alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kisha akasema mama hakuinua uso ili sisi tuufunike. Asubuhi ya leo, kabla hatujabeba jeneza, amelituma mtandaoni. Ninaogopa, ndugu zangu, nami sifichi. Lakini nilikuwa nimesimama pembeni yake alipolituma, na sikumzuia.

Dada Ursula, Bwana akupe pumziko mahali ambapo hakuna wa kumwogopa, nawe ujulikane kwa jina lako.