Sufuria ya Nahodha

Mvua ilipiga vioo vya basi nikielekea darasa la jioni. Mbele yangu muuza samaki alimlalamikia jirani yake, mke wa nahodha wa meli ya uvuvi. “Huu mgawo wenu wa uvuvi umetumaliza, dada. Bei ya samaki haishikiki!”

“Zamani serikali ilipanga kiasi kimoja cha samaki kwa mwaka, meli zote zikakigombania, anayewahi ndiye anayepata,” alijibu mke wa nahodha. “Hata bahari ikichafuka, mume wangu alitoka, maana wenzake wangemaliza. Sasa kila meli ina fungu lake.”

“Na matajiri wanayanunua mafungu ya wanyonge!”

“Hilo sibishi. Lakini upepo huu unausikia?”

Niliusikia mimi, nikaanza kumwombea nahodha kimoyomoyo. Mara simu ya mkewe ikalia. “Umeunguza wali? Mwanamume mzima! Zima jiko, usiguse kitu, nakuja.” Alifoka huku anatabasamu.

“Kumbe yuko nyumbani?” muuza samaki akauliza.

“Tangu jana. Fungu lake haliendi popote.”

“Na bei yangu je?”

Basi likasimama, wakashuka wakibishana chini ya mwavuli mmoja. Sala yangu niliigeuza katikati, nikamshukuru Mungu kwa sufuria iliyoungua.