Mtaa wa Kona Kali

Ungekuwa wewe, ungenyamaza? Basi la jiji la Adelaide lilikuwa likipita kati ya nyumba zilizojengwa juu ya uwanja wa zamani wa mbio za magari, na Bi Noreen alikuwa akisoma vibao vya mitaa. Kila mtaa ulikuwa umepewa jina la dereva wa mbio hizo.

"Wanaume watupu!" akafoka.

Mzee aliyeketi kando yake akacheka. "Bibi wee, wanawake walikuwa na mbio zao tu, tukiziita za poda, za kutuchekesha."

"Poda? Mzee mwenzangu, poda yangu ilikuwa vumbi la uwanja huu. Gari jekundu lililoshinda mbio hizo nililiendesha mimi!"

"Sasa unatakaje?"

Basi likasimama. Bi Noreen akashika mkongojo wake, akainuka.

"Nataka mtaa wangu. Tena huu wenye kona kali, maana hapa ndipo nilipowatimulia vumbi wapinzani wangu."