Tovuti ya Karoti Iliyokataa Kuvuka Mpaka

Benchi la Dative, muuza kahawa wa njia ya kwenda mpakani, lilikuwa limekaliwa na mafundi wa kompyuta tangu asubuhi, na Hirwa ndiye asiyetulia. Alikuwa amemtengenezea Kamikazi, mfanyabiashara wa karoti za kuuza Goma, ng'ambo ya mpaka, tovuti ya kupokea oda. Huku Gisenyi, upande wa Rwanda, ilifunguka vizuri. Kamikazi alipovuka kwenda Goma, ikamwandikia: Huruhusiwi. Akaapa kwamba isipofunguka kabla ya saa sita, kazi atampa mwingine. Ilikuwa kazi ya kwanza ya Hirwa, na roho ilikuwa juu.

— Bon, hiyo ni virusi, alisema Anastase, mtoto wa Goma, aitwaye Dokta kwa kuwa kila hitilafu huipa jina la ugonjwa.

— Virusi gani inaogopa mpaka? Hirwa aliuliza.

— Yenye haina karatasi!

— Listen, alidakia Rutagengwa, aliyerudi kutoka Uganda na kujiita Injenia. Ni gesi ya ziwa letu hapa. Inapanda, inakula network. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingia wapi hapa? Hirwa alifoka.

— Gesi si inajaa?

— Apana! Dokta alimkata. Ni satelite. Ikipita juu ya volkano inashikwa na joto, inasahau watu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, donc saiti imevunjika guu!

Hirwa alifungua faili tena. Juu kabisa palikuwa na ile mistari mitano ambayo benchi zima hunakili. Aliileta Injenia, akaiita kufuli ya wezi. Desturi yao: kila tovuti ianze nayo, aliyeibandika aandike chini yake Usiguse na jina lake, na asiiguse mtu.

— Kufuli je?

— We, kufuli iko salama! walijibu Dokta na Injenia kwa pamoja.

Belise, fundi mwenzao aliyerudi juzi kutoka Mwanza, alikuwa amekuja kunywa kahawa kwa mara ya kwanza. Akachungulia.

— Samahani kaka, hapa si mmeagiza kila anayefungua akiwa nje ya Rwanda akataliwe?

— Ndiyo! Wezi wote wanatoka inje, Injenia alijitapa.

— Sawa. Na wanunuzi wa karoti wanakaa wapi?

Injenia alisogeza kikombe chake aongezewe. Dative alitikisa chupa ya kahawa, ilikuwa tupu.

Hirwa alifuta mistari yote mitano, kisha akapiga simu.

— Mama Kamikazi, jaribu tena.

— Eh! Iko inafunguka! Lakini nani alifungia watu yangu?

Wenzake walitazama vikombe. Kwenye faili palibaki maneno mawili: Usiguse. Hirwa.

— Ni mimi, Mama.