Bi. Harieth Kamugisha na Kinu Kisichopigwa Mnada

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Harieth Kamugisha anahitimisha miaka kumi na saba ya utumishi wake Ntuzu Mitaji, tawi la Bariadi. Kwa wageni wa hafla hii wasiotufahamu: sisi si benki. Tunachukua fedha za wawekezaji na kuzikopesha moja kwa moja kwa biashara ambazo benki imeziangalia mara moja na kufunga faili. Kazi hiyo inataka uvumilivu na roho isiyotishika kirahisi. Bi. Harieth anavyo vyote viwili, pamoja na sauti inayofika mpaka ghala la jirani.

Alizaliwa Muleba, akasomea uhasibu, akapata kazi benki jijini Mwanza. Mwaka 2008 aliacha kiti hicho kizuri na kuja kwetu, wakati kampuni ilikuwa chumba kimoja chenye feni mbovu. Ndugu zake walidhani amerogwa. Yeye anasema alikuwa amechoka kuwanyima watu mikopo kwa sababu tu hawana nyumba yenye hati mjini.

Mwanzo ulimpiga chenga. Mkopo wake mkubwa wa kwanza ulikwenda kwa Mzee Marcelo wa Mwamapalala, aliyetaka mashine ya kukamua alizeti. Dhamana ilikuwa ng'ombe, boma limejaa hadi mlangoni. Marejesho yalipokwama, Bi. Harieth alifika na lori, lakini habari zilikuwa zimemtangulia. Alikuta majirani na mashemeji wamesimama bomani, kila mmoja akimwonyesha ng'ombe wa kwake. Mhaya wetu hakujua kwamba huku kwetu mtu huweka ng'ombe wake kwa rafiki anayemwamini, na boma kujaa hakumaanishi ng'ombe wote ni wa mwenye nyumba. Lori lilirudi Bariadi na kuku mmoja, zawadi ya mke wa Marcelo kwa mgeni. Tumemtania kwa kuku huyo hadi leo na hatuna mpango wa kuacha.

Njiani aliliwaza jambo hilo upya. Mtu ambaye nusu ya kata imemkabidhi ng'ombe wake hawezi kukimbia deni, maana atakuwa amewakimbia wote. Akamwongezea Marcelo muda, naye akalipa mpaka shilingi ya mwisho. Tangu hapo kila mwombaji wa mkopo aliulizwa na Bi. Harieth ni nani amemkabidhi mali amtunzie.

Swali hilo ndilo lililomwingiza kwenye vita. Mwaka 2021, injini ya kinu cha mpunga cha Mama Kwandu Maige pale Nyashimo ilikufa katikati ya msimu, na malipo ya mkopo wetu yakasimama. Kamati ya mikopo jijini Dar es Salaam, chini ya mwenyekiti wake Bw. Justine, ikaamua kinu kipigwe mnada. Bi. Harieth alikwenda Nyashimo, akakuta ghala limejaa mpunga wa wakulima. Tetesi za mnada zilikuwa zimezagaa mji mzima, na bado hakuna aliyekuja kuondoa gunia lake.

Alipanda basi hadi Dar, akaiomba kamati iongeze mkopo wa injini mpya. Wakacheka. Akawaambia kinu kisipolipa baada ya mavuno, wamfukuze kazi. Walikubali haraka kuliko alivyotarajia. Binti yake alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na mshahara ule ndio uliomsomesha. Sisi tulikosa usingizi kwa niaba yake. Yeye alikunywa chai yake na kutugombeza kwa ripoti zilizochelewa.

Mavuno yalikuja. Malori yalipanga foleni hadi barabara ya Musoma, na Mama Kwandu akamaliza deni lote kabla ya muda. Tulipiga vigelegele mpaka wapangaji wa ghorofa ya chini wakapanda kuuliza nani anaolewa. Bw. Justine alipiga simu kuomba radhi, na maofisa wapya kutoka Dar wakaanza kuletwa Bariadi kujifunza kazi. Nilijivunia sana siku ile, na najivunia bado.

Mwezi uliopita Mama Kwandu aliingia ofisini kwetu. Safari hii alikuja kuwekeza. Bw. Justine, aliyekuwa hapa kwa ukaguzi, alimpokea mwenyewe. Mama Kwandu alikuwa na sharti moja: fedha zake zikopeshwe na Bi. Harieth. Akaelezwa kwamba anastaafu. Akatugeukia sote, akauliza huku akimwita Bi. Harieth mama kwa Kisukuma, "Haya, aliyefundishwa na mayu ni yupi hapa?"

Ofisi nzima tulinyoosha mikono, na Bw. Justine akanyoosha wa kwake.

Wabeja sana, mayu. Asante kwa kila biashara uliyoisimamisha na kila mmoja wetu uliyemnoa. Nenda Muleba ukale ndizi zako kwa raha, na siku za kustaafu zikupe afya, furaha na usingizi mrefu.

Bryson Masunga, Idara ya Mikopo