Osob Gelle, Aliyetaka Kusujudu

Ndugu waombolezaji, majirani na wenzake na marehemu katika soko la maziwa, familia imempa Kulow, mdogo wake wa kumfuata, kazi ya kuwasomea haya, naye anaomba mumvumilie.

Marehemu Osob binti Gelle alizaliwa mwaka 1936 karibu na Bute, mtoto wa kwanza wa mzee Gelle Alio na mama Samsam, tarehe haijulikani ingawa kitambulisho kinasema Januari mosi, kama walivyoandikwa wenzake wote wa rika lake, utadhani kina mama wa Bute walikubaliana kujifungua siku moja. Shule ya serikali hakuiona, lakini alisoma Kurani kwa mwalimu aliyehamahama na ngamia pamoja nao, na hadi uzeeni hakuna aliyesoma vibaya mbele yake akaachwa.

Mwaka 1954 aliolewa na Salah Mursal wa Elwak, Mungu akawajalia Abshir, Idman na Maryan, na wengine wawili waliotangulia wakiwa wachanga. Ukame wa 1984 ulipomaliza mifugo walihamia Garissa, na mumewe alipofariki mwaka 1987, Osob aliingia sokoni kuuza maziwa ya ngamia, akalea nyumba kwa miguu yake mwenyewe, na ulimi wake wateja waliuogopa.

Magoti yalianza kumsumbua mwaka 1993. Alichomwa kwa chuma cha moto pande zote mbili za kila goti, kama ilivyo dawa yetu, makovu yakabaki na maumivu yakabaki. Akaanza kuswali kwenye kiti, na hilo lilimtesa kuliko magoti yenyewe, akawa anasema hataki kingine duniani ila paji lake la uso lifike chini tena.

Agosti 1995 bintiye Idman alimpeleka hospitali, ambako Bi. Fowsiya, mtaalamu wa mazoezi ya viungo mzaliwa wa Ijara, alimweleza kwamba gegedu, kile kilaini kinachokaa kati ya mifupa, limelika na halitarudi, lakini misuli ya mapaja ikipata nguvu itayasaidia magoti kubeba mwili. Akamfundisha kuketi ukingoni mwa kitanda na kunyoosha mguu taratibu, kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, na kutembea kila jioni hata pakiuma kidogo. Osob alicheka, akasema ameswaga ngamia kutoka Elwak mpaka Wajir na leo anafundishwa kutembea, lakini akafanya. Sikukuu ya Idd, Februari 1996, alishuka polepole mkekani, paji likagusa chini, akakaa hapo hata Idman akaingiwa na hofu. Alipoinuka alikuwa akilia kwa furaha.

Aprili mwaka huo Abshir alifika na wageni kutoka Elwak, anakofanya biashara, akamkuta mama yake uani akiinuka na kuketi juu ya kigoda, jasho likimtiririka, majirani wakichungulia. Kwetu, mama mwenye mtoto wa kiume na wakaza wana hajichotei hata maji ya kunywa, akionekana anahangaika ni watoto wanaosemwa. Abshir aliona aibu.

"Hooyo, kaa," alimwambia. "Mimi mwanao niko hai, na wewe unatoka jasho mbele ya watu?"

Osob, ambaye sokoni hakumwinamia mtu, aliketi, kwa kuwa hakutaka kumvunjia mwanawe heshima mbele ya wageni. Kiti cha mito kikanunuliwa, wake za Abshir wakapokezana kumhudumia, na Bi. Fowsiya alipokuja kumuulizia alipewa chai, akaambiwa mama anatunzwa vizuri. Ukoo mzima ulimsifu Abshir kuwa mtoto mwema, na kweli alikuwa mwema, hilo ndilo linalouma.

Miguu ikanyauka, magoti yakakunjika yakakataa kunyooka, na mafuriko ya Novemba 1997 yalipoingia nyumbani, Abshir alimtoa majini mgongoni. Kifua kikamshika, hakikumwachia. Siku ya mwisho wodini aliomba ashushwe sakafuni asujudu, wakamshusha, magoti hayakukubali.

"Basi, niinue, mwanangu," alimwambia Abshir kwa upole. "Nilikuwa nimeshaweza."

Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 13 Machi 1998, akazikwa mchana wake. Waliokuwa makaburini waliona kwamba magoti hayakunyooka hata baada ya kuoshwa, ikabidi kaburi lipanuliwe, na Abshir akachukua sepetu mwenyewe, asikubali kupokewa. Ni yeye aliyetaka haya yasomwe, ili mwenye mama aliyeambiwa afanye mazoezi amwache atoke jasho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Bi. Fowsiya ambaye yuko nasi hapa, majirani waliotuhifadhi wakati wa mafuriko, na kina mama wa soko la maziwa waliofunga meza zao siku ya mazishi.

Sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Osob binti Gelle, tulikupumzisha ungali wataka kuinuka, utusamehe, na sasa upumzike kwa amani.