Betri ya Kumpandisha Mama Kutoka Milepa

Jamani, sijawahi kuona mtu amepakata betri kama mtoto mchanga! Petroli ilikuwa imeadimika Rukwa nzima, na sisi tulikuwa juu ya lori la kijiji, tumekalia magunia ya maharage, tunatoka Laela kwenda Sumbawanga. Jamaa aliitwa Saad, wa Izia, pale pale Sumbawanga mjini. Mama aliyekaa naye, Klementina, akashindwa kuvumilia.

"Baba, hiyo ya nini?"

"Ya pikipiki, mama. Nimetoa injini, nimefunga stata, ile mota ya kuwashia, ya trekta bovu. Haitaki petroli tena."

"We! Inakwenda?"

"Uani imekwenda."

Uani! Hata kuku wangu anafika uani.

"Nikifika nyumbani naifunga, nateremka nayo bondeni Milepa kumchukua mama yangu nimlete hospitali," Saad akasema. "Tumbo limevimba, chakula hakipiti."

"Kuteremka sawa. Ule mlima wa kurudi?"

"Betri ikichoka nitasukuma, yeye amekaa."

"Si mumbebe kwa machela, kama watu wote?"

"Hataki. Baba alibebwa kwa machela, na kaka pia, wote wakarudi wamefunikwa. Anasema atatoka kwake amekaa, au hatoki."

Mama Klementina akaguna. "Utakwama mlimani na mgonjwa, baba."

"Sasa nifanyeje?"



Lori likaingia mjini, likasimama Mazwi. Saad akashuka na betri yake kifuani. Mama Klementina akainama ukingoni: "Machela itafute tu, baba. Wape vijana waje nyuma yenu, mbali, asiione."

Saad akaondoka bila kugeuka.